Kivuli cha Ufunguo kwenye Beji Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Oktoba 1966
Mwezi mpya, filamu mpya. Asubuhi nimeitoa ile ya Septemba kwenye beji yangu namba kumi na saba, nikaitia kwenye bahasha ya maabara na kuweka nyingine. Beji yenyewe ni kiplastiki cha ukubwa wa kibiriti. Mionzi ikimgusa mvaaji, filamu iliyomo ndani inapata weusi, na maabara ya Nairobi inausoma weusi huo na kuandika umekula kiasi gani. Tangu nifike Garissa mwezi Februari jibu langu halijabadilika: remu sifuri nukta sifuri mbili, karibu si kitu. Nimeshaanza kuichukulia beji kama pambo.

Nisije nikayasoma haya uzeeni nikasahau tulikuwa akina nani, naandika. Hapa Kituo cha Kifua tuko watu wachache. Mimi Nkirote, Mmeru, mpiga picha za eksirei, nina miaka ishirini na sita na mdomo ulionifanya niletwe huku. Daktari Aasen, Mnorwe, mrefu hata anainama mlangoni. Bwana Gichuki, msimamizi, mtu wa mihuri na barua tatu kwa jambo moja. Na Abshiro, ambaye Gichuki anamwandika "kibarua", lakini bila yeye kazi inalala.

Mashine yetu ni kuukuu na picha moja inachukua muda. Mgonjwa akitikisika imeharibika. Kwa hiyo watoto na vikongwe lazima washikwe, na wanawake wa hapa hawashikwi na mwanamume wasiyemjua. Korane, mhudumu wa wodini, alijaribu mara moja, akapigwa fimbo ya kichwa na bibi wa miaka sabini. Basi Abshiro ndiye anayewashika wote, akisimama nao mbele ya bomba linalotoa mionzi, nami niko nyuma ya ukuta wa madini ya risasi nikibonyeza.

Jumanne, 4 Oktoba
Abshiro ameingia saa sita mchana. Anaishi upande wa Iftin, na kizuizi cha askari kiko katikati. Wamemkalisha juani na wenzake tangu alfajiri, wakipekuliwa mmoja mmoja. Wanawake ishirini na wawili walikuwa wananisubiri, na hakuna hata mmoja niliyeweza kumpiga picha. Nimefoka mpaka Korane akatoka nje.

"Abaayo, usinifokee mimi," Abshiro aliniambia akifunga mtandio vizuri. Ananiita abaayo, yaani dada. "Mimi iko na miguu. Asikari iko na bunduki."

Nikaona haya, na mimi nikiona haya nafanya mambo haraka. Nilivua beji yangu nikambandika kifuani. Ina namba, ina jina la Kituo. Nikamwambia, "Waonyeshe hii."

Jumatano, 5 Oktoba
Amefika saa moja kamili! Sajini Mutiso wa kizuizini ameitazama beji, akasema "Mtu wa serikali, pita," hata akamwinulia mkono. Abshiro amecheka kutwa nzima.

Ijumaa, 7 Oktoba
Picha arobaini na moja. Jasho. Beji imebaki kwake, anaivaa kutoka nyumbani na kurudi nayo. Mimi niko nyuma ya ukuta, ina maana gani kwangu?

Jumatano, 12 Oktoba
Picha arobaini na nane. Mashifta, wale waasi wa Kisomali, wamelipiga lori njia ya Wajir. Kafyu imesogezwa mbele saa moja.

Alhamisi, 20 Oktoba
Nimemwuliza Daktari Aasen mbona Abshiro hapimwi.

"Kwetu angepewa beji siku ya kwanza," alisema kwa Kiswahili chake cha kitabuni. "Kila anayeingia chumbani hupewa. Hata mfagiaji."

"Na hapa?"

"Hapa maabara inapokea majina ya watumishi wenye namba tu. Yeye ni kibarua. Ninafuata taratibu za hapa."

Akanionyesha kitabu cha jalada la kijivu. Humo mna vipimo walivyokubaliana wataalamu kwa ajili ya nchi zote. Mwanamke wa umri wa kuzaa asizidi remu moja nukta tatu kwa miezi mitatu. Lakini ni mpaka nchi ikiingize kipimo hicho katika sheria zake, ndipo kina nguvu. Nikamwuliza kama mionzi nayo inangoja sheria ipitishwe ndipo iingie mwilini. Alicheka. Mimi sikucheka. Ninampenda mzee huyu, anawagusa wagonjwa bila kinyaa, ila leo nimemwona ana mizani mbili na anajua.

Nilikuwa na nafasi ya kusema beji yangu iko kwenye kifua cha nani. Nikanyamaza.

Jumatatu, 31 Oktoba
Filamu ya Oktoba imekwenda na msafara. Fomu ina nafasi ya jina moja nalo limeshachapwa: Nkirote. Nilishika kalamu kitambo. Nikiandika ukweli, nitakuwa nimekiri kwamba nimempa Msomali kitu cha serikali apite nacho kizuizini, katika hali ya hatari. Watu wamefungwa kwa madogo kuliko hayo. Nikaifunga bahasha.

Jumamosi, 5 Novemba
Mvua. Kwa siku moja mji wote umegeuka matope.

Jumatano, 9 Novemba
Mvua. Mto Tana umepanda. Barabara ya Nairobi imekatika, hakuna barua.

Alhamisi, 10 Novemba
Mvua. Picha thelathini na tatu, nyingi za watoto. Abshiro amewakumbatia wote, mmoja mmoja.

Jumatatu, 14 Novemba
Lori limekanyaga bomu njia ya kaskazini. Wametuletea watu watano, na Daktari alitaka picha za mifupa haraka. Abshiro aliwashika wanawake wawili wakipiga kelele. Nimehesabu: picha kumi na tisa kwa watu hao tu. Kila nilipobonyeza niliuona ufunguo wa sanduku lake ukining'inia shingoni, juu ya beji yangu.

Alhamisi, 17 Novemba
Abshiro ametapika kwenye beseni la chumba cha giza tunamooshea filamu. Nilidhani ni malaria.

"Si malaria," alisema. "Ni miezi mitatu."

Mumewe Kulow alikwenda Diff, kule mpakani, na ngamia mwezi Agosti, kisha mpaka ukafungwa na hajaonekana tena. Kwa hiyo hesabu ni rahisi, na yangu pia ni rahisi. Tangu Agosti mtoto huyo amekuwa mbele ya bomba langu, na kidole kilichobonyeza ni hiki kinachoandika. Nimekaa chini sakafuni. Yeye ndiye aliyenishika mkono mimi.

Nikamwambia kesho usiingie chumbani.

"Nikitoka chumbani mimi si kibarua tena," alinijibu taratibu. "Nikiwa si kibarua, wananihamisha kwa kijiji ya ulinzi, ile kambi ya asikari kule nje ya mji. Nikishikwa na uchungu kule, daktari gani atanibata? Na hawa mama, nani atashika?"

Nina hasira na kila mtu, na kwanza mimi mwenyewe.

Ijumaa, 18 Novemba
Mjinga mimi! Mimi si mwanamke? Wagonjwa hawana neno na mimi. Leo nimemweka Abshiro nyuma ya ukuta, nimemfundisha kuhesabu na kubonyeza, na nimeshika mwenyewe. Nimevaa ile aproni nzito ya risasi, yenye ufa tumboni. Imeharibika picha moja tu. Miezi tisa niko hapa, na leo ndiyo nimefikiria jambo hili.

Jumatano, 23 Novemba
Bado nashika mimi. Abshiro anabonyeza vizuri kuliko mimi, ana subira. Beji nimemwachia kwa ajili ya kizuizi.

Jumatatu, 28 Novemba
Msafara umefika leo kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu na nusu. Bwana Gichuki ameniita ofisini, na kwa mara ya kwanza hakunisimamisha, alinipa kiti.

"Bi Nkirote," alisema, "maabara wanaeleza hapa kwamba mwezi wa Oktoba umepokea remu moja nukta tano. Ni kweli?"

Moja nukta tano kwa mwezi mmoja! Zaidi ya kipimo cha miezi mitatu. Wameuliza kama beji ilisahauliwa ndani ya chumba, na kwa kuwa jambo si la kawaida wameirudisha filamu yenyewe. Gichuki aliinua kipande hicho dirishani. Yeye aliona doa jeusi.

Mimi niliona ufunguo. Kivuli cheupe cha ufunguo wa sanduku, halafu kingine kimelala kidogo kando, na kingine tena juu yake, kumi, kumi na tano, sijui ngapi. Kila picha niliyopiga iliacha ufunguo wake.

"Kuanzia kesho huingii chumba cha picha kwa miezi mitatu," Gichuki aliendelea. "Ni amri ya maabara, na mimi nakubaliana nayo. Nairobi wametuazima mpiga picha, Bwana Munyao. Amekuja na msafara huu huu."

"Na nani atakayeshika wagonjwa?"

"Si yuko yule kibarua?"

Nilifungua mdomo. Mdomo huu ambao haujawahi kunyamazia mtu, leo haukutoa kitu. Nilisema asante nikatoka.

Jumanne, 29 Novemba
Munyao ni kijana mpole, anaimba nyimbo za kanisani akiosha filamu. Hawezi kushika wanawake na wala hawezi kumwachia Abshiro swichi, anaogopa kufukuzwa. Abshiro amerudi mbele ya bomba. Picha ishirini na saba. Nimekaa stoo nikihesabu mlio wa mashine kupitia ukutani.

Mimi ndiye ninayepumzishwa kwa mionzi aliyokula yeye. Sijawahi kujichukia hivi.

Jumatano, 30 Novemba
Picha thelathini na moja. Nimempelekea aproni. Inamteremka, ameifunga kwa kamba ya ndoo.

Gichuki anauliza watu kama kuna aliyeona beji nje ya Kituo. Kesho asubuhi nitamwambia. Naapa.

Alhamisi, 1 Desemba
Nimechelewa.

Nilikwenda ofisini saa mbili nikiwa nimejipanga maneno yote. Gichuki alikuwa amesimama, kofia mkononi. "Mambo yamekwisha kujulikana," aliniambia. "Sajini Mutiso amekiri kwamba yule mwanamke alikuwa akipita na beji yako kila siku. Nimemwuliza mwanamke mwenyewe. Anasema alikuibia."

"Aliniibia?"

"Anasema ulikuwa ukiivua ukinawa mikono, yeye akichukua jioni na kuirudisha asubuhi. Polisi wamekuja wakamchukua. Inspekta anasema si wizi mdogo huu, mtu anayepita vizuizi kwa beji ya serikali anaweza kuwa anapeleka habari kwa mashifta."

Nilimwambia hapo hapo: nilimpa mimi. Nilimbandika kwa mikono yangu.

"Unamtetea kwa kuwa ni mjamzito," alisema. "Moyo wako ni mwema, lakini usijitie kitanzi."

Yaani nimesema uongo kwa kunyamaza miezi miwili nikaaminiwa, na leo nasema kweli sisadikiwi. Nimekwenda polisi kwa miguu, katika matope. Nimeruhusiwa kumwona dirishani.

"Kwa nini umesema hivyo?" nilimwuliza.

"Wewe ukifungwa, hii Garissa hakuna mwanamke ya kubiga bicha," alisema. Alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, mkono mmoja tumboni. "Mimi Msomali, abaayo. Kufungwa mimi ni kitu ya kila siku. Nenda nyumbani."

Nikalia mbele ya askari, na sijali.

Ijumaa, 2 Desemba
Nimeamka nikiwa na akili. Nilikwenda kwa Daktari Aasen nikamweleza tangu Oktoba nne, sikuacha kitu. Alivua miwani akaishika mikononi. "Niliuliza kama taratibu zinafuatwa," alisema mwishowe. "Sikuuliza kama yeye yuko salama. Nilimwona kila siku." Uso wake ulikuwa mwekundu kabisa. Sikumpoza, haikuwa kazi yangu.

Tulikwenda pamoja kwa Gichuki nikaomba ile filamu.

"Bwana Gichuki," nilisema, "mtu akiiba beji jioni avuke nayo kizuizi na kuirudisha asubuhi, beji hiyo itapata mionzi wapi? Barabarani? Nyumbani kwake Iftin?"

Aliiweka kofia yake mezani.

"Na kama mchana ilikuwa kwangu nyuma ya ukuta, mbona miezi yote ni sifuri nukta sifuri mbili, na Oktoba ni moja nukta tano? Tazama hapa. Hivi ni vivuli vya nini?"

Aliisogeza filamu dirishani. Akaigeuza. Akachukua miwani ya kusomea, ambayo sijawahi kumwona nayo, nadhani anaionea aibu.

"Ufunguo," alisema.

"Mimi sina ufunguo shingoni. Umenikuta nao siku gani? Nenda pale polisi, utazame alichovaa."

"Beji hii ilivaliwa na mtu anayeshika wagonjwa," Daktari aliongeza, "mchana, kazini, mbele ya macho yetu sisi sote. Haikuibiwa. Nitaweka sahihi."

Nilitegemea hotuba juu ya mihuri. Badala yake Gichuki alivaa kofia, akatia filamu kwenye bahasha, bahasha kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. "Kibarua huyo nimemwandika mimi," alisema. "Miaka miwili sasa, mwezi kwa mwezi, ili asipewe namba. Ndivyo nilivyoagizwa, na sikuuliza." Kisha akaniambia, "Nawe unajua kitakachokupata?"

Nilisema najua.

"Haya. Twende."

Inspekta alikuwa mtu wa kutosikia. Gichuki alimsikilizisha. Alimfanya aletewe ufunguo wa Abshiro kutoka kwenye mfuko wa vitu vya mahabusu, akauweka mezani, akaweka filamu kando yake. Meno matatu na duara la juu lililopindika upande. Ufunguo na kivuli vilikuwa kitu kimoja. Inspekta aliita mwenzake aje aone, na huyo akamwita mwingine. Lakini hawakumwachia. Walisema watawasiliana na wakubwa.

Jumamosi, 3 Desemba
Hapana habari. Kituoni hakuna picha za wanawake. Wamekaa uwanjani na watoto wao, wanamwulizia Abshiro kwa jina.

Jumapili, 4 Desemba
Sikwenda kanisani. Nilipeleka uji polisi, wakaupokea.

Jumatatu, 5 Desemba
Hapana habari. Gichuki amekwenda huko mara mbili, bila kuitwa.

Jumanne, 6 Desemba
Wamemwachia! Saa nane mchana. Amekonda, amevimba miguu. Gichuki alikwenda kumchukua na gari la Kituo, na akamfungulia mlango wa mbele. Mimi nimeandikiwa onyo kali kwenye faili na uhamisho. Inspekta alitaka kesi. Gichuki amemaliza karatasi nzima ya barua kumzuia. Miezi kumi nimemwita mtu huyu sanduku la mihuri, na sasa mihuri yake ndiyo iliyonitoa.

Ijumaa, 9 Desemba
Abshiro amepewa kazi ya kufua, mbali na chumba cha picha, na barua ya kazi yenye namba. Namba ishirini na tatu. Daktari ameagiza beji tano kutoka kwao, kwa kila anayetia mguu chumbani, na ameandikia maabara ya Nairobi kurasa nne. Munyao sasa anabonyeza, na Saado wa jikoni anashika kwa zamu na mke wa Korane, kila mmoja na aproni. Wagonjwa wenye nguvu wanajishika wenyewe. Daktari amewatengenezea ubao wenye mikanda. Ubao na mikanda! Vitu hivyo vilikuwa stoo tangu mwaka jana.

Alhamisi, 15 Desemba
Ramadhani. Mji umetulia mchana. Abshiro nimemkataza kufunga, akaniambia hayo ni yake na Mungu, kisha nikamwona anakunywa maji.

Jumatatu, 19 Desemba
Jibu la filamu ya Novemba limefika: remu sifuri nukta tisa. Limeandikwa jina langu. Mbele ya Gichuki nimechukua daftari la mionzi, nikakata jina langu kwenye Oktoba na Novemba kwa mstari mmoja, nikaandika Abshiro Dubow, namba ishirini na tatu, jumla remu mbili nukta nne. Gichuki akaweka sahihi na tarehe. Kwa mara ya kwanza muhuri wake nimeupenda.

Nikamwita Abshiro nikamsomea.

"Sasa hiyo ni yangu?" aliuliza.

"Ni yako."

"Na mtoto?"

Nimeulizwa maswali mengi mwaka huu. Hili ndilo nililokuwa nikilikimbia tangu siku ile ya beseni. Daktari anasema huenda asidhurike, watoto wengi hawadhuriki. Kitabu cha kijivu kina ukurasa mzima wa "huenda".

"Sijui, Abshiro," nilimwambia. "Hakuna anayejua. Ningejua ningekuambia."

Aliitikia kwa kichwa. Akaniomba nimwandikie kwenye karatasi yake mwenyewe, jina na namba na remu, kwa herufi kubwa. Hawezi kusoma. Aliikunja mara nne.

Jumatano, 21 Desemba
Naondoka na msafara wa leo, ninapelekwa Kitui. Naandika nikiwa nyuma ya lori, juu ya gunia, tumesimama kizuizini tukingoja askari wa kusindikiza.

Abshiro yuko kwenye foleni ng'ambo ya pili, anakuja kazini. Watu kama sitini wako mbele yake. Tangu mambo yale hakuna kinachompitisha haraka, hata barua yake ya kazi inangoja zamu. Nimemwona akitoa kile kikaratasi kutoka kifuani, pale ulipo ufunguo, akikitazama tu. Sajini Mutiso naye akakiona, akamfuata.

"Mama, hicho ni kibali?"

"Hapana," Abshiro alimjibu, kwa sauti iliyonifikia hadi huku. "Kibali hapana. Hii ni mimi na mtoto, tumehesabiwa."

Mutiso hakuelewa. Akamwambia arudi kwenye mstari, naye akarudi, akakikunja tena mara nne.